Turbo ya Tatu kwa Mwaka: Hesabu za Mwenye Lori wa Likasi

Mwenye lori wa Likasi akiambiwa na fundi kwamba turbo imekufa, huuliza kwanza bei ya nyingine. Inaeleweka. Lori limesimama, mzigo unasubiriwa Kolwezi au Kasumbalesa, na kila siku ya kukaa ni pesa inayopotea. Anapiga simu Lubumbashi, anapewa bei mbili tatu, anachagua inayomfaa, turbo inapakiwa kwenye basi jioni na kesho yake inafungwa. Miezi michache baadaye lori linatoa tena moshi mweusi likipanda, nguvu inapungua, na ile filimbi nyembamba ya turbo inageuka mlio wa chuma kukwaruza chuma. Ya pili imekufa. Ya tatu itakufa vilevile, na lawama zitaangukia kiwanda cha China, au muuzaji, au dereva.

Nitalinganisha hapa turbo za aina zote zinazouzwa kwenye barabara yetu, lakini msimamo wangu nautoa mapema. Kwa lori lililoua turbo mbili ndani ya mwaka mmoja, ubora wa turbo unayonunua ni jambo la pili. La kwanza ni kujua nini kiliiua ile ya mwanzo, kwa sababu muuaji huyo bado yumo ndani ya injini, na turbo mpya utamkabidhi yeye.

Turbo ya lori kubwa ni magurudumu mawili madogo kwenye shafti moja. Upande mmoja gurudumu la turbini linasukumwa na moshi wa ekzosi, ambao injini ikivuta mzigo kwa nguvu hufika nyuzi 600 hadi 700 za Selsiasi. Upande wa pili gurudumu la kompresa linavuta hewa na kuisukuma ndani ya injini. Shafti inaweza kuzunguka mara 100,000 kwa dakika, na haigusi beringi zake: inaelea juu ya tabaka la oili jembamba kuliko unywele. Oili hiyohiyo ndiyo inayoipoza. Kwa hiyo ikichelewa, ikipungua au ikiwa na uchafu, sekunde chache zinatosha kuanza uharibifu, hata kama dereva ataendesha wiki nzima bila kusikia kitu.

Sasa ilete turbo hiyo Likasi. Mji uko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Durban kwa zaidi ya asilimia 10. Injini inataka hewa ileile, basi turbo inazunguka kwa kasi zaidi ili kuifikisha. Mwinuko peke yake hauui turbo, maana watengenezaji wameacha nafasi. Lakini nafasi hiyo ukishaila kwa mwinuko, haibaki ya kulia filta iliyoziba na mpira wa hewa uliopasuka. Lori ambalo Dar es Salaam lingevumilia bomba linalovuja la intakula, kile kipoza hewa kati ya turbo na injini, huku kwetu linaisukuma turbo kupita mwendo wake.

Halafu vumbi. Barabara ya taifa namba 1, inayotoka Lubumbashi kupita Likasi hadi Kolwezi, ina lami, lakini mzigo hauishii kwenye lami. Unaingia migodini, Kambove, Fungurume na kwingineko, kwenye njia za udongo mwekundu ambazo kuanzia Mei hadi Oktoba hazionji mvua ya maana. Wanaobeba chokaa ya Kakontwe wana unga wao wa ziada. Na kuna foleni ya mpakani Kasumbalesa, ambako injini inaachwa ikinguruma polepole usiku kucha. Injini ikinguruma hivyo kwa saa nyingi, mgandamizo ndani ya turbo ni mdogo mno kuzuia oili isipenye kwenye ringi za shafti. Oili inatambaa hadi kwenye turbini, inaungua, inaacha masizi magumu.

La mwisho ni mazuti. Yanayouzwa kwenye vidumu kando ya barabara ni nafuu, na mwenye lori haulizi sana dereva kayapata wapi. Mazuti yaliyochanganywa au yenye maji yanaharibu nozeli. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza inapandisha joto la moshi, na mazuti yasiyoungua yanateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi. Salfa nyingi kwenye mazuti huzaa asidi inayoila oili kabla ya wakati. Kwa hiyo kilomita za kubadilisha oili zilizoandikwa kwenye kitabu cha lori la Ulaya si za kunakili huku kwetu. Katika mazingira haya nusu yake ni busara.

Ukitaka kumjua muuaji, anza na maiti. Turbo iliyokufa isitupwe wala isiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla hujaitazama kwenye mwanga wa kutosha. Sogeza kidole kwenye kingo za mbele za mapanga ya kompresa. Kama zimelika zikawa butu na laini, kana kwamba mtu alizipiga msasa, lori lilikuwa linakula vumbi: filta imechanika, haikai vizuri kwenye kopo lake, au kuna ufa kwenye mpira kati ya filta na turbo. Kama mapanga yamekatika au kupinda, kuna kitu kilivutwa ndani, mara nyingi nati au kipande cha kitambaa kilichosahaulika gereji. Yakiwa yamemeguka upande wa turbini, kipande kilitoka kwenye injini yenyewe, labda kwa vali, ringi au ncha ya nozeli, na hapo kufunga turbo nyingine bila kufungua injini ni kuipeleka kwenye kifo kilekile.

Kisha itazame shafti. Rangi ya bluu au nyeusi mahali inapokaa kwenye beringi maana yake oili haikufika. Mikwaruzo ya kuzunguka, mfano wa mistari ya sahani ya santuri, maana yake oili ilifika ikiwa chafu. Tabaka jeusi gumu ndani ya kiini, yaani sehemu ya kati yenye shafti na beringi, linasimulia injini iliyozimwa ikiwa moto, tena na tena. Na kama kila kitu ni kizima ila oili imejaa pande zote mbili, usiilaumu turbo hata kidogo. Oili inaingia lakini hairudi, au injini inapumua vibaya kwa chini, au filta ya hewa imeziba mpaka kompresa inafyonza oili kupitia ringi.

Muuaji wa kila siku, hata hivyo, ni bomba dogo linalopeleka oili kwenye turbo. Lifungue na ulitazame kwa tochi. Kwa nje ni zima kabisa, limepakwa hata rangi. Kwa ndani, karibu na turbo ambako joto ni kali, oili imeungua ikaganda tabaka juu ya tabaka, na tundu lililokuwa la kupitisha kalamu limebaki la kupitisha sindano. Wakati mwingine kilichoziba ni silikoni nyekundu ambayo fundi aliipaka kwa wingi kwenye gasketi. Ilipokauka ikajikata kipande na kusafiri na oili. Mafundi wengi hulisafisha bomba hili kwa waya na kulirudisha. Waya unavunja masizi vipande vidogo, na vipande hivyo mtu wa kwanza kuvipokea ni turbo mpya. Bomba linunuliwe jipya. Ni bei ndogo mno ukilinganisha na linachokilinda.

Tuje sokoni. Kuna njia nne.

Ya kwanza ni turbo mpya ya asili, yenye jina la Holset, Garrett au BorgWarner, au iliyo kwenye boksi la mtengenezaji wa lori. Kwa lori kubwa bei yake hupita dola 1,000 kwa urahisi. Unalipia chuma cha turbini kinachostahimili joto na kiini kilichobalansiwa kwa mwendo wa kazi, pamoja na namba inayolingana na injini yako sawasawa. Hatari yake ni bandia. Boksi linaigwa vizuri kuliko turbo yenyewe, basi acha boksi, tazama kibati: kiwe na namba ya kipuri na namba ya pekee ya turbo hiyo, na zote mbili ziandikwe kwenye ankara. Muuzaji anayekataa kuandika namba kwenye ankara ameshakujibu.

Ya pili ni ya Kichina, na hapa watu wanachanganya mambo. Howo na Shacman nyingi zinazopita Likasi zina injini za jamii ya WD615, usanifu uliotoka kwa Steyr ya Austria na kukuzwa China na Weichai. Nyingi zilitoka kiwandani na turbo iliyotengenezwa hukohuko China. Kwa lori hilo turbo ya Kichina inayotoka kwa mtengenezaji anayehudumia kiwanda cha lori ni ya asili kabisa, na kuikataa kwa sababu ya nchi ni kupoteza pesa. Ya kuogopwa ni ile isiyo na jina, ambayo boksi linasema inafaa injini sita tofauti. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kwanza. Ninazo sababu za kuiheshimu: kwenye injini safi yenye oili nzuri inaweza kufanya kazi kwa muda wa kuridhisha. Haina ustahimilivu tu. Kosa ambalo turbo ya asili ingelisamehe mara moja au mbili, hii hailisamehe.

Ya tatu ni okazyo, iliyong'olewa kwenye lori la Ulaya au Afrika Kusini. Wenye Actros, Volvo, DAF na Scania wanaipenda, na kwa Actros ya zamani yenye turbo rahisi isiyo na vyombo vya umeme mimi pia sioni ubaya, mradi uishike mwenyewe. Sukuma shafti juu na chini, kisha mbele na nyuma. Mchezo kidogo wa juu na chini ni wa kawaida ikiwa haina oili, lakini mchezo wa mbele na nyuma unaousikia wazi kwa kidole ni dalili kwamba beringi ya msukumo imeliwa. Kagua ndani ya nyumba ya turbini uone nyufa, na linganisha namba ya kibati na ya turbo yako, kwa maana turbo mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na magurudumu tofauti. Malori mapya ya Ulaya yenye turbo ya mapanga yanayogeuka ni habari nyingine. Zile zinaongozwa kwa umeme na zinahitaji kupangwa kwa kompyuta. Okazyo ya aina hiyo bila fundi mwenye kompyuta sahihi ni bahati nasibu, na ningemshauri ndugu yangu aiache.

Ya nne ni kubadilisha kiini peke yake na kubaki na nyumba zako za zamani. Ukipata kiini kizima kilichobalansiwa kiwandani, na nyumba zako hazina nyufa wala mikwaruzo, hii mara nyingi ndiyo thamani bora kuliko zote kwa lori la kawaida. Lakini usiichanganye na jambo linalofanana nayo, la kununua beringi na ringi tu na kuziingiza kwenye shafti ya zamani. Mji huu una mikono mizuri. Karakana za kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na baadaye za Gécamines, zimelea vizazi vya mafundi hapa. Hata hivyo mkono, uwe mzuri namna gani, hauwezi kubalansi shafti ya mizunguko 100,000. Muulize fundi mashine ya kubalansi iko wapi. Jibu likiwa ni tabasamu, nunua kiini kizima.

Sasa hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, nimezifanya za mviringo ili ziwe rahisi kufuata; weka bei ulizopewa wewe mahali pake. Tuseme turbo isiyo na jina ni dola 300, ya asili 1,500, ufundi 50, na kila siku lori linapolala unapoteza dola 150. Tuseme pia kuna kazi ninayoiita usafi, yaani oili yote mpya na filta zake, filta ya hewa, bomba jipya la kuleta oili, gasketi, na kuosha intakula, kwa jumla ya dola 400 na siku moja ya ziada gereji.

Mwenye lori wa kwanza anafunga turbo ya dola 300 bila usafi. Lori linalala siku tatu. Kila tukio linamgharimu 300 na 50, pamoja na 450 za siku zilizopotea, jumla dola 800. Ikifa mara tatu kwa mwaka, ametoa dola 2,400, na sijaweka gharama ya kuvutwa kutoka porini.

Wa pili ananunua turbo ileile ya dola 300, lakini anafanya usafi. Lori linalala siku nne. Anatoa 300, 50, 400 na 600, jumla 1,350. Turbo ikimaliza mwaka tu, amebakiza zaidi ya dola 1,000 mbele ya mwenzake, kwa kipuri kilekile kutoka duka lilelile.

Wa tatu ana uwezo, basi ananunua ya asili ya dola 1,500 akiamini bei itamlinda, na hafanyi usafi. Turbo nzuri kwenye bomba lililoziba inakufa kama mbaya. Ikifa mara moja ndani ya mwaka na akanunua nyingine, amelipa dola 2,000 mara mbili. Huyu ndiye ninayemwonea uchungu kuliko wote, kwa sababu alijaribu kufanya jambo sahihi na akatumia pesa nyingi kuliko yeyote.

Wa nne ananunua ya asili na kufanya usafi: 1,500, 50, 400 na 600, jumla 2,550. Mwaka wa kwanza anaonekana ameshindwa na yule wa pili. Turbo ikidumu miaka mitatu, imemgharimu dola 850 kwa mwaka.

Kwa hiyo kama pesa ya leo haitoshi vyote viwili, shusha daraja la turbo, usikate usafi. Mwenye dola 800 mkononi afanye usafi na kufunga turbo ya bei ndogo, asitafute mkopo wa kununua ya asili na kuifunga kwenye oili nyeusi.

Intakula inastahili neno la peke yake, kwa sababu ndiyo inayorukwa kuliko vyote. Turbo inapovunjika, vipande vya alumini na nusu lita ya oili au zaidi vinalala ndani yake. Ukiwasha injini, vipande vinaelekea kwenye vali na pistoni. Oili ikivutwa kwa wingi, injini ya dizeli inaweza kuichoma kama mazuti na kupanda mizunguko yenyewe, na kuzima ufunguo hakuisimamishi. Fungua, osha, kausha, ndipo ufunge.

Siku ya kufunga, mwenye lori awepo. Kabla turbo haijaunganishwa, bomba la oili lielekezwe kwenye chupa na injini izungushwe kwa starta huku mazuti yamefungwa: oili itoke kwa mkondo usiokatika. Turbo imiminiwe oili safi kwa mkono kwenye tundu lake na shafti izungushwe kidogo kwa vidole. Bomba la kurudisha oili literemke moja kwa moja bila kupinda, na silikoni isiguse njia yoyote ya oili. Injini ikiwaka, ingurume kwenye mwendo wa chini dakika chache bila mtu kukanyaga mafuta. Fundi anayewasha na kuipandisha hapo hapo ili bosi asikie filimbi, anakata uhai wa kitu kipya mbele ya macho ya mwenye nacho.

Kuna kipimo kimoja ambacho kingefaa kitangulie manunuzi yote. Injini ikiwa ya moto na inanguruma, fungua kifuniko cha kumiminia oili. Pumzi kidogo ni kawaida. Moshi ukipuliza kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka, na shinikizo la chini ya injini linaizuia oili ya turbo isirudi. Hakuna turbo ya bei yoyote itakayodumu hapo. Pesa yote iwekwe kwenye injini, hata kama maana yake ni lori kulala wiki kadhaa, na muuzaji wa turbo asipigiwe simu kwanza.

Kuhusu madereva, wenye malori wengi wamewaagiza wazime injini mara wanaposimama ili kuokoa mazuti. Lori lililovuta mzigo mzito linahitaji dakika tatu hadi tano za mwendo wa chini kabla ya kuzimwa, ili oili iendelee kupita na kuondoa joto. Injini kubwa ikinguruma bila kazi hunywa kama lita 3 kwa saa, basi dakika tano ni robo lita. Hiyo ndiyo akiba inayolindwa kwa kuipika oili ndani ya turbo kila jioni. Na dereva anayelipwa kwa safari, akishushiwa posho kwa sababu ya mazuti, atazima tu, hata ukimhubiria. Robo lita hiyo iandikwe wazi kwenye hesabu ya safari kuwa ni haki ya lori.

Filta ya hewa nayo isipulizwe upepo wa kujazia matairi, unaotoboa karatasi vitundu usivyoviona. Ikibidi, ipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na ile ndogo ya ndani isipulizwe kabisa, inabadilishwa. Kiangazi inunuliwe mapema kuliko masika.

Jambo la mwisho ni garantii. Wauzaji wengi huitoa kwa mdomo, na turbo ikirudi wakakuta shafti imegeuka bluu, wanasema oili haikufika, na mara nyingi wanasema kweli. Mwenye lori anayetaka garantii iwe na uzito atunze ankara ya oili na ya filta za siku ile, picha ya namba ya kibati, picha ya bomba jipya likiwa mahali pake, na filta ya zamani ya oili iliyokatwa na kufunguliwa. Akirudi dukani na turbo mkononi na vitu hivyo mezani, muuzaji hatakuwa na pa kuanzia zaidi ya kuikagua turbo yenyewe.